Somo: Namna ya kumtafuta nyangumi wa kale ukiwa Dodoma

Habari zenu, wanajamvi. Wengi mnauliza mtu wa huku bara atasomaje visukuku vya nyangumi, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe. Atasoma, ila aanze na namba, si jina.

Hatua ya 1. Tafuta makala iliyomweleza mnyama kwa mara ya kwanza. Humo kuna namba ya kisukuku, mbele yake herufi za makumbusho: KNM ni makumbusho ya taifa ya Kenya, Nairobi, USNM ni makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Inakili ilivyo. Majina ya kisayansi hubadilishwa. Niliwahi kuandikia makumbusho fulani nikataja jina tu, nikajibiwa hawana. Nilipotuma namba, nikaletewa picha ya mfupa wa sikio, mzito, umejikunja kama kauri, namba yake ubavuni kwa wino mweusi. Nilifurahi mno.

Hatua ya 2. Itafute namba hiyo GBIF, hifadhidata ya viumbe iliyo mtandaoni, ni bure. Isipoonekana usikate tamaa, visukuku vingi bado havijaingizwa mtandaoni.

Hatua ya 3. Uliza nani aliazima kisukuku hicho. Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1964 mtafiti James Mead alipata kisukuku cha nyangumi Loperot, Turkana, Kenya, akamweleza 1975. Baadaye hakuna aliyejua nyangumi huyo alipo. Mtaalamu wa visukuku Louis Jacobs alimsaka miaka mingi, na 2011 nyangumi akapatikana Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Ana miaka milioni 17, na alikutwa kilomita 740 kutoka pwani ya sasa, mita 620 juu ya bahari. Nyangumi hapandi mlima. Alipanda mto kwenye nchi tambarare, kisha ardhi ya Afrika Mashariki ikainuka. Haya yote tungeyakosa kama asingepatikana tena.

Hatua ya 4. Mwandikie mhifadhi wa makumbusho kwa adabu, omba picha zenye rula pembeni.

MASWALI

Mwalimu, hapa Dodoma tukichimba tutampata?
Hapana, ndugu yangu. Milima yetu ni graniti, mwamba uliotokana na uji wa moto, hauna mifupa. Visukuku vya karibu viko Mahenge, Singida, ila lile lilikuwa ziwa: limetupa samaki, na popo Tanzanycteris wa miaka milioni 46 hivi.

Shikamoo mwalimu. Nina simu tu, itafaa?
Marahaba. Inafaa kabisa. Daftari pia liwepo, la kuandikia namba.

Nitajuaje mfupa wa sikio ni wa nyangumi?
Tazama ukingo wa ndani. Kwa nyangumi ni mnene sana kuliko wa nje, hata kwa Pakicetus, nyangumi wa kale wa Pakistani aliyekuwa bado na miguu minne.