Namna ya Kuisikiliza Kwateti ya Pili ya Pavel Haas Pamoja na Majirani, Hapa Lamu

Anayetaka kuwaalika majirani zake wa Mkomani au Langoni wasikilize muziki wa Ulaya uliotungiwa ala chache atafanya vyema kuanza na kwateti ya pili ya Pavel Haas, mtunzi wa Kicheki, yaani utungo wa fidla mbili, viola moja na selo moja. Ilitungwa mwaka 1925, ina mizaha, na sehemu yake ya mwisho imetiwa ngoma, hivyo aliyekulia katika taarabu hatahitaji darasa kabla ya kuifurahia.

Kazi ya kwanza ni kuchagua rekodi, na hapa pana mtego. Kwateti hii ilipopigwa Brno, mji wa nchi ya Wacheki, mwaka 1926, wahakiki hawakuzipenda zile ngoma, naye Haas akaziondoa. Ndiyo maana rekodi nyingine hazina ngoma kabisa. Tafuta iliyo nazo, kwa mfano ile ya wanamuziki wa Praha wanaojiita kwa jina lake, Pavel Haas Quartet, waliorekodi pamoja na mpiga ngoma Colin Currie. Ipakue mapema, uchaji spika, kwani umeme ukikatika katikati ya sehemu ya tatu itakuwa vigumu kuwarejesha watu katika utulivu.

Muda unaofaa ni baada ya isha. Wengi watapendelea juu darini kwa ajili ya upepo, lakini mimi nashauri chumba cha ndani chenye kuta nene za matumbawe, maana utungo huu una sauti za chini sana ambazo kusi huzichukua kabla hazijamfikia msikilizaji. Wasiwe watu wengi, kumi wanatosha.

Kabla ya kubonyeza, sema machache tu: kwamba Haas alizaliwa Brno mwaka 1899, kwamba alisomeshwa na mtunzi Leoš Janáček, na kwamba kwateti hii inatokana na nyanda za juu za Moravia, jimbo ulipo mji wa Brno, ambazo watu wa Brno walizipa jina la utani la Milima ya Nyani (nyani wenyewe, bila shaka, hawapo). Usiseme alivyokufa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona wengi wakianza na kifo chake, na tangu hapo kila noti huchukuliwa kuwa kilio, ilhali mtu huyu alipoandika alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akijifurahisha, na ni haki yake asikilizwe hivyo kwanza.

Utungo mzima huchukua takriban nusu saa na una sehemu nne. Ya kwanza, "Mandhari", ndiyo ndefu. Mwambie msikilizaji asitafute wimbo mmoja unaofuatwa na ala zote pamoja, kama ilivyo kawaida katika taarabu. Hapa kila ala hushika njia yake, na kinachoziunganisha ni mapigo yanayorudiwarudiwa chini ilhali juu husikika kama milio ya ndege. Ya pili, "Gari, Mwendeshaji na Farasi", itawachekesha: nyuzi huteleza na kulia kama magurudumu makavu, mwendo ukavuta, ukakwama, ukakimbia, na yeyote aliyewahi kumswaga punda mwenye mzigo kwenye vichochoro vyetu atamtambua mnyama mara moja. Ya tatu, "Mwezi na Mimi", ni ya polepole. Zima taa ukipenda, na usiongee. Ya nne, "Usiku wa Fujo", ndiyo yenye ngoma, na katikati yake fujo hutulia kwa muda, wimbo laini ukapita, kisha kelele zikarejea.

Sasa ndipo usimulie yaliyosalia. Haas alikuwa Myahudi. Ujerumani ya Wanazi ilipoikalia nchi yake mwaka 1939, kazi zake zilipigwa marufuku. Akampa mkewe Soňa, ambaye hakuwa Myahudi, talaka ya kwenye karatasi ili mke huyo na binti yao wanusurike. Mwezi wa Desemba 1941 alipelekwa kambi ya Terezín, ambako aliendelea kutunga, na Oktoba 1944 alisafirishwa hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz akauawa. Mtu akiuliza kwa nini jina lake ni geni masikioni, jibu lipo hapo: ambaye muziki wake ulikatazwa kupigwa, kisha akauawa, hakubaki na wa kumpigia debe.

Hapo wengi watataka kuisikia tena sehemu ya nne. Wakubalie, ila safari hii weka rekodi isiyo na ngoma, kisha waulize kama wahakiki wa mwaka 1926 walikuwa na haki. Mimi naona walikosea, lakini wapo wapigaji wazuri wa ngoma mjini petu watakaodai kwamba selo peke yake inatosha kushika mapigo, na hoja yao si nyepesi. Kwa kikao kinachofuata, tayarisha Utafiti wa Ala za Nyuzi, utungo wa okestra ya nyuzi ambao Haas aliutunga Terezín mwaka 1943. Karel Ančerl, kondakta (yaani kiongozi wa okestra) aliyeuongoza humo kambini na kunusurika, alizipata karatasi za muziki za wapigaji baada ya vita.