Kabla ya Mionzi ya Protoni kwa Saratani ya Ini

Familia ikisikia neno protoni, huanza kuulizana gharama na viza ya India, hasa tangu kituo cha tiba ya protoni cha hospitali za Apollo kule Chennai kilipofunguliwa mwaka 2019. Swali la kutangulia ni jingine: ukiuweka uvimbe kando, ini lililobaki lina nguvu kiasi gani? Kwetu saratani hii mara nyingi huota kwenye ini lililokwishachoshwa na homa ya ini B, pombe au sumukuvu ya mahindi na karanga.

Sifa ya protoni ni ya kweli. Eksirei hupenya mwili na kutokea upande wa pili. Protoni humwaga sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye kina kilichopangwa, kisha hukoma. Hata hivyo njia ya kuingilia hupata dozi, na ukingo wa ini lenye afya unaozunguka uvimbe hupigwa pia. Hatari imepungua, haijaisha.

Kwa hiyo omba alama ya Child-Pugh, kipimo cha nguvu ya ini, iandikwe kwenye faili. Hutokana na bilirubini, albumini, muda wa damu kuganda, maji tumboni na kuchanganyikiwa kwa mgonjwa. Alama 5 na 6 ni daraja A, linalovumilia mionzi vizuri zaidi. 7 hadi 9 ni B, hapo tahadhari huongezeka. Kuanzia 10 ni C, na madaktari wengi husita. Usikubali jibu la “ini liko sawa” bila namba. Uliza pia ini lisilo na uvimbe lina ujazo gani (wengi hutaka angalau mililita 700 zinusurike) na litapata wastani wa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) ngapi. Omba mpango wa protoni ulinganishwe na wa eksirei za kisasa, maana kwa uvimbe mdogo hizo huenda zikatosha.

Kipimo cha homa ya ini B kisikosekane. Mionzi inaweza kuamsha virusi vilivyolala, ndiyo maana mwenye navyo huanzishiwa mapema dawa za kuvizuia, tenofovia au entekavia. Beba dozi za kutosha safari nzima. Zikikatika, ini linaweza kuwaka upya, na itakuwa vigumu kujua kama tatizo ni virusi au mionzi. Dawa za mitishamba zitajwe kwa daktari bila aibu, na pombe iachwe.

Ini hupanda na kushuka kwa pumzi, hivyo mara nyingi vipande vidogo vya dhahabu hupandikizwa kwa sindano karibu na uvimbe ili vionekane kwenye picha. Kabla ya sindano hiyo, taja dawa zozote za kuzuia damu kuganda. Mgonjwa anaweza pia kufundishwa kubana pumzi. Afanye mazoezi nyumbani. Na tumbo likijaa maji baada ya picha za kupangia, sema siku hiyo hiyo: umbo likibadilika, protoni hazitui tena pale zilipopimiwa.

Ninalolihofia zaidi ni kurudi nyumbani. Madhara ya mionzi kwenye ini kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki 2 na miezi 4 baada ya tiba, wakati mgonjwa yuko Mwanza au Mombasa na familia imeshapumua. Huanza kwa uchovu, tumbo kujaa, uzito kupanda ghafla na maumivu chini ya mbavu za kulia. Macho yanaweza yasigeuke manjano hata kidogo, huku ALP, kimeng’enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, kikiwa kimepanda zaidi ya mara 2 ya kiwango cha juu cha kawaida. Hakuna dawa mahususi ya kulirudisha ini, hutibiwa dalili. Basi kabla ya kupanda ndege, mpate daktari wa nyumbani atakayepima damu mara kwa mara, mnunue mzani, na mkubaliane kwamba hamtaondoka hospitalini bila maandishi ya dozi, idadi ya vipindi na nakala ya mpango wa mionzi.