Kishonanguo cha Amani na cha Tongoni: kujua kama mmea mgeni umegeuka kweli

Asili ya kishonanguo (Bidens pilosa) ni Amerika ya kitropiki, ila leo kimejaa kuanzia juu Kwamkoro, milima ya Usambara Mashariki, hadi viwanja vya Tongoni, pwani ya Tanga. Ukikuta cha milimani na cha pwani havifanani, usikimbilie kusema mmea umegeuka, yaani umebadilika kiurithi. Amani iko kama mita 900 juu ya bahari, ina baridi na mvua nyingi. Huenda ni hali ya hewa tu inayokirefusha au kukidumaza. Dawa ni kuvilea pamoja kwa vizazi viwili.

Mbegu. Chagua maeneo matatu juu (Amani, Kwamkoro, Bulwa) na matatu chini (Tongoni, Pongwe, Mwambani). Eneo mojamoja halitoshi. Utaona sababu kwenye matokeo. Kila eneo chukua mimea mama 8, iliyoachana angalau mita 10, kwa kuwa inayoota pamoja mara nyingi ni ndugu. Mbegu za kila mama ziingie bahasha yake ya karatasi, maana plastiki huleta ukungu. Ndani ya hifadhi usichume bila kibali.

Sasa weka kichwa kimoja kilichokauka kiganjani. Mbegu za katikati ni ndefu na nyeusi, za pembeni ni fupi, zina mikwaruzo na wekundu wa kahawia. Za katikati huota upesi, za pembeni hulala. Ukizichanganya utapima tofauti ya mbegu ukadhani ni tofauti ya mlima na pwani. Panda za katikati peke yake.

Kizazi cha kwanza hakipimwi. Mama aliyeshiba huzaa mbegu nono, na unono huo huonekana kwenye mche hata kama jeni ni zilezile. Jaza viriba 96, viwili kwa kila mama: ndoo 3 za udongo wa juu, 1 ya mchanga, 1 ya samadi iliyooza. Sia mbegu 3, bakiza mche mmoja. Kabla ua halijafunguka, vika vichwa mfuko wa kitambaa chepesi. Kishonanguo huweza kujichavusha, kwa hiyo mbegu utapata, na nyuki hatachanganya koo (mama mmoja na uzao wake ni ukoo mmoja).

Kizazi cha pili ni viriba 192: kila ukoo vinne, viwili kitaluni Tanga, viwili Amani. Changanya udongo wote lundo moja, siku moja, hata ule utakaopanda mlima. Nafasi za viriba zipigiwe kura. Ukipanga ukoo kwa ukoo, kivuli cha mwembe kitaangukia ukoo mmoja na utakiandika kama urithi. Vibao viwe na namba tu, ili mpimaji asijue anapima cha wapi. Andika siku ya ua la kwanza, kimo siku ya 40, idadi ya vichwa, na urefu wa mbegu na vimiba vyake.

Matokeo. Tofauti ikiyeyuka, mmea ulikuwa unajirekebisha tu. Ikibaki, ni ya kurithi, lakini hapo ndipo watu wengi huteleza: ya kurithi si lazima iwe ya uteuzi wa asili, yaani mazingira kuwabakiza wanaoyafaa. Mgeni huanza na mbegu chache zilizoganda kwenye gunia au suruali, na hizo chache zaweza kuwa za aina fulani kwa bahati tu. Pengine pia mlima na pwani vilipokea wageni kutoka sehemu tofauti. Ndiyo maana ya maeneo matatu: kila moja likielekea upande wake, shuku bahati; matatu ya juu yakielekea upande mmoja, na mimea yake ikastawi Amani kuliko ile ya pwani, huku Tanga mambo yakiwa kinyume, uteuzi una hoja.

Vimiba usividharau, ndivyo vinavyoisafirisha mbegu. Kwenye ukingo wa uvamizi hufika wanaosafiri vizuri, nao huzaana wao kwa wao. Mfano ni vyura wa miwa (cane toad): 101 walipelekwa Queensland, Australia, mwaka 1935. Baadaye waliokutwa mstari wa mbele walikuwa na miguu mirefu kuliko waliobaki nyuma.

Hata hivyo, bila mbegu za kwao Amerika unaweza kusema tu kwamba mlima na pwani vimeachana, si kwamba vimebadilika tangu kufika. Usiagize mbegu hizo.

Mwisho wa kazi choma vichwa vyote papo hapo kitaluni, ukague soksi na pindo la suruali kabla hujapanda gari la Muheza.