Kigutu cha Tawi Ndicho Mlango wa Mdudu

Mwezi huu nimeitwa mashamba matatu, Dagoretti, Kasarani na Karen, na kote nimekuta kosa lile lile. Saiprasi zimepogolewa kwa panga, kila tawi limeachiwa kigutu cha shibiri moja, halafu mwenye shamba ananiuliza apulizie dawa gani. Dawa ya kupuliza haimfikii mdudu aliye ndani ya mbao!

Mdudu mwenyewe ni funza wa mbawakawa aitwaye Oemida gahani. Ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, alikuwa akila miti yetu ya asili kabla saiprasi hazijaletwa. Jike hutafuta mbao iliyokufa kwenye mti ulio hai: kigutu kilichokauka, au jeraha la panga lililochuna gome. Hapo hutaga mayai. Funza akianguliwa hufuata kigutu mpaka ndani ya shina, akakaa humo zaidi ya mwaka akila. Majani yanabaki kijani, nawe huna habari mpaka siku ya kupasua mbao.

Kule Dagoretti nilikata kigutu kimoja kwa msumeno. Ndani palikuwa na tundu lililojaa unga mkavu ulioshindiliwa kama ugali uliolala, na mwisho wa tundu funza mweupe, mnene upande wa kichwa. "Afisa, si mti huu ni mzima?" mzee akaniuliza. Nikamwambia, mzee wangu, mlango uliufungua wewe.

Sasa tazama pale tawi linapoungana na shina. Kuna uvimbe umezunguka, kama kola ya shati. Gome jipya la kuziba kidonda hutoka kwenye kola hiyo. Ukikata ndani yake umeondoa kinachoponya, na ukikata mbali umeacha kigutu ambacho gome haliwezi kukifunika. Kata nje kidogo tu ya kola, bila kuigusa.

Tawi jembamba, chini ya sentimita 3, likate mara moja. Tawi nene lina mikato mitatu, na hapa ndipo mnapofanya haraka mkaharibu. Wa kwanza upige kutoka chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie theluthi moja ya unene. Wa pili utoke juu, sentimita 5 mbele ya ule wa kwanza kuelekea ncha. Tawi litaanguka bila kuchana gome la shina. Wa tatu ni wa kuondoa kile kipande kilichobaki, hapo kwenye kola. Huu wa tatu ndio mnaouacha "mpaka kesho", na kesho haifiki. Tumia msumeno wa kupogolea wenye meno makali. Panga ni la kufyekea.

Msingoje matawi yanenepe, kwa sababu kidonda kidogo huziba upesi. Msipogoe kupita nusu ya urefu wa mti: wa mita 4, komea mita 2. Pogoeni wakati wa kiangazi, Januari na Februari, au Julai na Agosti, maana mvua huleta ukungu kwenye kidonda kibichi. Na hiyo oili chafu mnayopaka, wacheni. Haiponyi kidonda.

Vigutu vya zamani visivyo na tundu virudieni, mvikate upya kwenye kola. Mti wenye matundu mengi shinani ni bora uukate, kwani funza wa ndani hafikiwi hata ukichokoa tundu kwa waya. Usiache magogo yake yenye gome karibu na miti mizima.

Pete ya gome ikianza kufunga kidonda kutoka pembeni, umekata vizuri.

Ukimkuta funza usimkanyage. Mtie kwenye chupa pamoja na kipande cha mbao alichokuwamo, umpelekee afisa wa misitu wa eneo lako au KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, iliyoko Muguga.