Nyekundu ya mteja itoke ile ile kila mara

Wenzangu wa mabango na stika, mteja akileta nembo yenye rangi ya Pantone (mfumo wa rangi zenye majina na namba, zilizo kwenye kitabu cha sampuli), tuseme nyekundu ya 485 C, usiigeuze kuwa CMYK (mchanganyiko wa wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi) ukiwa bado kwenye Illustrator, programu ya kuchora. Iache kama rangi maalumu, na jina lake. Programu ya RIP, ile inayotafsiri faili kwa ajili ya printa, huitafuta rangi hiyo kwa jina kwenye jedwali lake, kisha huchanganya wino kulingana na profaili uliyochagua, yaani maelezo ya jinsi printa na wino wako zinavyotoa rangi kwenye stika hiyo. Jina likipishana kidogo tu, mathalani faili la zamani lina "485 CVC", RIP inaweza isiitambue. Itachukua mchanganyiko wa CMYK uliomo kwenye faili, na nyekundu itoke kama tofali. Kagua hilo kabla hujalaumu wino.

Bado haijakaa sawa? Chapa viboksi vya rangi hiyo, kila kimoja ukiongeza au kupunguza kidogo majenta na njano. Tumia stika ile ile ya kazi, ubora ule ule, idadi ile ile ya mapito ya kichwa cha printa. Wino wa solvent uache ukauke vizuri, halafu linganisha na kitabu cha Pantone nje, mchana, kivulini. Taa za dukani hudanganya sana. Vipimo vya kiboksi kilichoshinda viingize kwenye jedwali la RIP, kwa stika hiyo tu. Turubai litahitaji vyake.

Chungwa 021 C na Reflex Blue ni habari nyingine: printa ya wino nne haizifikii. Mwonyeshe mteja sampuli kabla hajalipa.