Kupima ufahamu wa matini kwa kusimuliwa: mwongozo wa utafiti mdogo shehiani

Ukimsomea mtu tangazo la afya barazani, Unguja au Pemba, kisha ukamuuliza, "Umefahamu?", atakujibu, "Nimefahamu, ahsante." Jibu hilo ni heshima anayokupa wewe mgeni wake. Halikwambii lolote juu ya kilichoingia kichwani. Vipeperushi vingi hupita mtihani huo mwepesi, vikachapishwa, vikagawiwa, na watu wakaendelea kama walivyokuwa.

Njia ninayoifuata, na ninayoiamini kuliko dodoso la kuchagua jibu, ni kumwomba mtu asimulie alichokisikia. Halafu nakaa na masimulizi yake nikaangalia kilichobaki, kilichopotea, na alichokiongeza mwenyewe. Hicho cha kuongeza ndicho chenye habari nyingi zaidi. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alilionesha hilo mwaka 1932: aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, nao walipoirudia, mtumbwi wa hadithi ukageuka mashua na uwindaji wa sili ukageuka uvuvi wa kawaida. Hawakuwa wakidanganya. Waliisikia hadithi kwa ujuzi waliokuwa nao, na ndivyo sote tunavyosoma.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa skuli au ofisa wa mradi anayetaka kupima matini fupi kwa watu wa kawaida, akiwa na kinasa sauti, daftari na mwenzake mmoja.

Hatua ya 1: Pata matini fupi, na ujue inadai ujuzi gani

Maneno hamsini yanatosha kuanzia. Hii hapa niliyoitunga kwa ajili ya mafunzo:

"Bamvu lilipoingia, Bi Mwanaidi na bintiye walitoka alfajiri. Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Kamba mbili zilikuwa tupu, vigingi vimesimama vile vile. Bi Mwanaidi alishika shina lililobaki. Lilikuwa jeupe, likamkatikia mkononi. 'Joto la mwezi huu,' alisema. Siku ile hawakufunga mbegu. Walirudi na makapu matupu."

Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani ameshaelewa kila kitu kabla hujamaliza kusoma. Neno mwani halimo, wala ugonjwa hautajwi. Yeye anajua kwamba bamvu ni siku za maji kujaa na kupwa sana, kwamba kamba na vigingi ni shamba, kwamba mbegu ni vipande vya mwani vinavyofungwa kwenye kamba, kwamba shina likiwa jeupe na laini limeshakufa, na kwamba maji yakipata joto, mwani wa aina ya cottonii huteseka kuliko ule wa spinosum. Kijana aliyekulia Darajani, mjini Unguja, anasoma maneno yale yale, na kila neno analijua, lakini kisa hakimkai.

Watafiti wa ufahamu wa matini Walter Kintsch na Teun van Dijk, katika kazi zao za mwaka 1978 na 1983, walitenganisha ngazi tatu ambazo mtafiti lazima azishike. Kuna maneno yenyewe jinsi yalivyopangwa. Kuna maana ya matini, yaani nani kafanya nini. Na kuna picha ya tukio, ambayo msomaji huijenga kwa kuchanganya matini na anayoyajua ya dunia. Maneno hupotea upesi: mwaka 1967 Jacqueline Sachs aligundua kwamba silabi 80 tu baada ya sentensi kupita, wasikilizaji hawakuweza tena kutambua kwamba umbo lake limebadilishwa, ilhali maana ikibadilishwa walishtuka mara moja.

Kwetu jambo hili linataka uangalifu wa pekee. Watoto wengi wa Unguja na Pemba wamepita chuoni kusoma Kurani, na kuhifadhi wanakuweza vizuri sana. Mtoto atakurudishia matini yako neno kwa neno, kwa mpangilio wake, nawe ukafurahi. Muulize, "Kwa nini hawakufunga mbegu?" Akinyamaza, jua umepima hifadhi. Picha ya tukio hujaifikia bado.

Hatua ya 2: Kata matini iwe vipande vya maana

Kipande kimoja ni jambo moja linaloweza kuwa kweli au si kweli peke yake. Fanya kazi hii kabla hujakutana na mtu yeyote. Ukingoja mpaka umesikia masimulizi, utakata kwa kuyafuata. Matini yetu nimeikata hivi:

1. Bamvu limeingia.
2. Bi Mwanaidi ametoka na bintiye.
3. Ilikuwa alfajiri.
4. Maji yamekupwa mbali.
5. Kamba mbili ni tupu.
6. Vigingi vimesimama.
7. Kuna shina lililobaki.
8. Bi Mwanaidi amelishika.
9. Shina ni jeupe.
10. Shina limekatika mkononi.
11. Amesema ni joto la mwezi huu.
12. Hawakufunga mbegu.
13. Wamerudi na makapu matupu.

Mwenzako anaweza kuunganisha 7 na 8. Hakuna ubaya, mradi mkubaliane na msibadilishe tena.

Kisha andika orodha ya pili, ya makisio: mambo ambayo matini haisemi lakini inayadai. Kilichokuwa kwenye kamba ni mwani. Mwani umekufa, na sababu ni joto. Mbegu haikufungwa kwa kuwa nayo ingekufa. Makapu matupu maana yake hakuna cha kuuza. Mimi huacha nafasi chini ya orodha hiyo kwa makisio nisiyoyatarajia, na nafasi hiyo hujaa.

Hatua ya 3: Kibali, watu na wakati

Anza na kibali cha utafiti kutoka mamlaka inayohusika, na kama matini yako ni ya afya, ruhusa ya kimaadili pia. Ukishakuwa nacho, nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia. Usimpigie simu tu. Nenda, kaa, mweleze, muachie nakala ya barua. Sheha akikujua, shehia nzima imekujua.

Chagua makundi mawili yanayotofautiana kwa ujuzi wa jambo lenyewe. Kisomo peke yake hakitoshi. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichukua wanafunzi 64 huko Marekani, wakawapa habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu waliojua besiboli waliwashinda kwa mbali wasomaji hodari wasioijua. Kwetu kundi moja linaweza kuwa akinamama wa mwani na jingine wanafunzi wa mjini. Watu ishirini kila upande ni mwanzo mzuri.

Wakati wa bamvu usiende. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, wakulima wako wako pwani, na atakayebaki nyumbani ana sababu ya kubaki. Nenda siku za maji mafu, yanapokuwa hayapwi mbali. Ukiwa unapima wachumaji wa karafuu huko Wete au Mkoani, msimu nao una saa zake: wakitoka shambani wanachambua makonyo mpaka usiku, na asubuhi wanaanika. Ijumaa mchana na alasiri za Ramadhani ziache kabisa.

Hatua ya 4: Kikao chenyewe

Salamu kwanza, na zisiwe za kukimbia. Mkubwa kwako apate shikamoo yake, mpaka usikie marahaba na habari za watoto. Mtafiti wa kike akae na wanawake. Nimeona masimulizi yakirefuka pale tu mtafiti wa kiume alipoondoka.

Matini isome kwa sauti, mara moja, kwa mwendo wa mazungumzo. Wako wazee wanaosoma kwa ufasaha herufi za Kiarabu lakini za Kirumi zinawachosha, na wako wanaohitaji miwani lakini hawanayo siku hiyo. Ukimpa kila mtu karatasi utapima macho. Kama ni kusoma unakokutafiti, sawa, lakini basi pima kwanza kama anaona na kusoma herufi hizo vizuri.

Baada ya kusoma, zungumzeni jambo jingine kwa dakika tano hivi. Chai inafaa sana. Lengo ni maneno yenyewe yapoe, ibaki maana.

Sasa linakuja jambo ambalo vitabu vingi vya mbinu hulipitia juu juu, na mimi naliona ndilo roho ya kikao. Usimwambie mtu akusimulie wewe. Wewe umetoka kuisoma matini mbele yake. Akikusimulia tena atafupisha, kwa kuwa hakuna mwenye adabu anayemfundisha mtu anachokijua. Mlete msikilizaji ambaye hakuwapo, mpwa wake au jirani, kisha sema: "Bi, huyu hakusikia. Tafadhali msimulie kila kitu mpaka afahamu." Watu waliolelewa kwa hadithi za paukwa na pakawa wanajua kusimulia, wape wa kumsimulia.

Usimkatize. Akinyamaza, nyamaza naye. Akimaliza uliza mara moja tu, "Kuna jengine?" Baada ya hapo ndipo yaje maswali ya kwa nini, mawili au matatu: kwa nini hawakufunga mbegu, kwa nini shina lilikuwa jeupe.

Mwisho kabisa muulize kazi yake na kama amewahi kulima mwani. Ukiuliza mwanzo utakuwa umempa ufunguo. John Bransford na Marcia Johnson walionesha mwaka 1972 nguvu ya ufunguo wa namna hiyo: waliwasomea watu maelezo ya kufua nguo yaliyoandikwa kwa mafumbo. Waliotajiwa mada kabla walifahamu na kukumbuka vizuri. Waliotajiwa baada ya kusikia hawakuwapita sana wale ambao hawakutajiwa kabisa. Ukitaka kulipima hilo kwa makusudi, gawa kundi la mjini: nusu waambie mwanzoni, "Hii ni habari ya shamba la mwani," na nusu usiwaambie.

Hatua ya 5: Andika kila neno lilivyosemwa

Kama mtu wa Makunduchi amesema kwa Kimakunduchi, kiandikwe Kimakunduchi. Kitumbatu na Kipemba vivyo hivyo. Mwandishi wa nakala awe mtu wa pale. Ukisanifisha mapema, unapoteza tofauti kati ya neno alilolipokea kutoka kwenye matini na neno lake mwenyewe, na neno lake mwenyewe mara nyingi ndilo ushahidi kwamba amefahamu.

Hatua ya 6: Toa alama

Tuseme umepata masimulizi haya mawili.

La kwanza: "Mama na mwanawe wamekwenda pwani kucha, maji yametoka. Mwani wote umekufa, kisa joto. Wangefunga tena ungekufa tena, basi wakarudi bure."

La pili: "Bi Mwanaidi na bintiye walitoka alfajiri, maji yamekupwa. Wakakuta kamba mbili tupu na vigingi vimesimama. Akashika shina, likakatika. Nadhani waliibiwa. Wakarudi na makapu matupu."

Ukihesabu vipande, la pili linashinda: lina 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 13. La kwanza limefupisha, shina halikutajwa, vigingi havikutajwa. Lakini tazama makisio. La kwanza limetaja mwani, kifo, joto, na sababu ya kutofunga mbegu. La pili limeleta mwizi. Huyo wa pili ana maana ya matini bila picha ya tukio, na akili yake imeziba pengo kwa kilicho karibu: kamba tupu, basi kuna aliyechukua. Kwa hiyo alama za vipande na alama za makisio zisijumlishwe kamwe. Ziwe safu mbili katika jedwali lako, na safu ya tatu iwe ya makisio yaliyokwenda kombo.

Kubali maana, hata maneno yakiwa mengine. "Maji yametoka" ni kipande cha 4.

Wewe na mwenzako toeni alama kila mmoja peke yake, bila kujua msimuliaji ni wa kundi gani. Masimulizi 20 kwa vipande 13 ni maamuzi 260. Mkikubaliana kwenye 234, mmefika 0.90, lakini sehemu ya makubaliano hayo ni bahati tu. Kipimo cha kapa alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960 huiondoa bahati: toa makubaliano ya bahati kutoka makubaliano halisi, kisha gawa kwa moja kutoa bahati. Bahati ikiwa 0.50, unapata 0.40 gawa kwa 0.50, yaani 0.80. Hapo endeleeni. Ikishuka chini ya 0.60, rudini hatua ya 2, kwani vipande vyenu havijakatwa vizuri.

Hatua ya 7: Rekebisha matini, urudi na watu wapya

Soma safu ya makisio yaliyokwenda kombo, tafuta sentensi iliyoyazaa, na uweke kiungo kilichokosekana. Kwenye mfano wetu maneno machache yanatosha: "mwani uliokuwa kwenye kamba umekufa kwa joto la maji."

Hapa kuna uamuzi wa kufanya. Danielle McNamara, Kintsch na wenzao walionesha mwaka 1996 kwamba matini yenye muwala, yaani viungo vya maana kati ya sentensi, uliojazwa kila pahala huwasaidia wasiojua mada, lakini wanaoijua hufahamu kwa kina zaidi wakiachiwa mapengo wayazibe wenyewe. Kwa hiyo kipeperushi cha wakulima wazoefu wa mwani na kipeperushi cha skuli ya mjini visiwe kimoja. Najua wafadhili hupenda toleo moja kwa wote kwa sababu ya gharama ya uchapaji. Wapelekee masimulizi yenyewe wayasikie, hasa yale ya mwizi.

Toleo jipya usiwasomee watu wale wale, maana kisa wameshakijua na wengine wameshakisimulia mtaani. Ingia shehia nyingine, anza tena kwa sheha.