Kuunda manowari Königsberg kwa kompyuta, kwa ukubwa wake halisi

Kijana niliyekuwa nikimsaidia alitaka kuunda kruza nyepesi ya vitani. Nilimshauri achague Königsberg ya Wajerumani, iliyozamisha HMS Pegasus pale Unguja Septemba 20, 1914, kisha ikaangamia delta ya Rufiji Julai 1915. Njia yenyewe ni hii.

Hatua ya 1: Fungua Blender, chagua mita. Ni programu ya bure na inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Tafuta michoro ya ubavuni, ya juu na ya mataruma (mbavu za meli). Iwe ya Königsberg yenyewe. Meli za aina yake si pacha kamili. Stettin, kwa mfano, iliendeshwa kwa tabaini (injini ya mapanga yanayozungushwa na mvuke).

Hatua ya 3: Bodi, yaani kiwiliwili cha meli. Hapa ndipo saa huteketea. Urefu wa mita 115.3 ni wa ncha hadi ncha, na ncha ya mbele haiko kwenye sitaha: omo imechomoza chini ya maji. Ukiupima urefu huo sitahani, meli nzima itarefuka na hakuna kitakachokaa mahali pake. Halafu, karatasi kuukuu iliyopigwa skani huvutika upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo sawazisha urefu peke yake, kisha upana wa mita 13.2 peke yake. Chora mataruma ya upande mmoja tu, mwingine uakisiwe. Kila taruma liwe na idadi ileile ya pointi. Moja likiwa na 12 na jirani yake 15, ganda hujikunja. Mwisho lipake rangi nyeusi inayong'aa, zungusha taa. Mng'ao ukikatika, rudi kwenye taruma lenyewe. Usilainishe kwa brashi, tafadhali! Brashi huficha kosa na kuharibu umbo.

Hatua ya 4: Sitaha, dohani tatu, milingoti miwili.

Hatua ya 5: Mizinga 10: miwili omoni, miwili tezini (nyuma), mitatu kila ubavu. Unda mmoja, nakili. Mtutu una mita 4.2. Mmoja halisi uko Fort Jesus, Mombasa. Upige picha pande zote, kila picha irudie sehemu ya iliyotangulia. Chukua vipimo vya mtutu tu, kwani mizinga ilipoopolewa ilifungwa magurudumu kwa vita vya nchi kavu. Kitako, yaani sehemu inayobeba mtutu, kitoke kwenye picha zilizopigwa melini. Na kwa kuwa mzinga wa Pegasus nao uko hapohapo, pima kwanza tundu la mdomo: wa Königsberg ni milimita 105, wa Pegasus 102.